Maswali ya Wasomaji: Jedwali la Mpira wa Kikapu Lisomwe Kuanzia Chini

Barua za toleo hili zimetoka pande zote za mikoa yetu ya Kigoma na Tabora, na karibu zote zinauliza habari moja kwa njia mbalimbali: zile tarakimu zinazotolewa baada ya mchezo wa kulipwa wa mpira wa kikapu, hasa wa NBA, ligi ya Marekani, zinasema nini, na zinaficha nini. Nimefurahi kuzipata, kwa kuwa msomaji wa huku kwetu analitegemea jedwali la tarakimu hizo kuliko shabiki wa Marekani. Mchezo unaoanza saa moja na nusu jioni mjini New York wakati wa baridi yao huanza kwetu saa tisa na nusu usiku, na mtu mwenye kazi ya asubuhi hawezi kukesha kila mara. Anaamka, anawasha simu, na mchezo mzima anaukuta umekunjwa katika mistari michache ya tarakimu.

*Ndugu mjibu maswali, kijiweni kwetu Ujiji kuna ubishi usiokwisha. Katika mchezo wa saba wa fainali ya NBA mwaka 2016, Draymond Green wa Golden State Warriors alifunga pointi 32, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote usiku ule, lakini timu yake ikafungwa na Cleveland Cavaliers. Wenzangu wanasema hiyo ni dalili kwamba takwimu ni mapambo tu. Unasemaje? (Msomaji, Ujiji)*

Takwimu si mapambo, ila kijiwe chenu kimezisoma kuanzia juu, kwenye majina, wakati habari kubwa iko chini kabisa, kwenye jumla ya timu. Cleveland walishinda kwa 93 dhidi ya 89. Mstari wa chini unaonyesha kwamba waliingiza mitupo 33 kati ya 82 waliyorusha, na Golden State wakaingiza 32 kati ya 83, maana yake timu hizo zilipata nafasi karibu sawa na zikazitumia karibu sawa. Katika mitupo hiyo iliyoingia, 15 ya Golden State ilikuwa ya pointi tatu, ile ya kutoka mbali, na sita tu ya Cleveland ilikuwa ya aina hiyo, kwa hiyo hapo Golden State walipata pointi tisa za ziada. Inabaki mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo na kuhesabiwa pointi moja moja: Cleveland waliingiza 21 kati ya 25, Golden State 10 kati ya 13. Sasa chukueni kalamu. Kikapu kimoja ambacho Cleveland waliwazidi wenzao ni pointi mbili. Toeni zile tisa. Ongezeni kumi na moja za mitupo huru. Mtabaki na nne, na nne ndiyo tofauti ya mchezo. Hakuna pointi hata moja iliyobaki bila maelezo, na wala hatujataja jina la mchezaji.

Mkishamaliza hapo ndipo mpande juu kwenye majina. Green aliingiza mitupo 11 kati ya 15, ikiwemo sita ya pointi tatu kati ya minane, akachukua ribaundi 15, yaani mipira iliyorudi baada ya mtupo kukosa, na kutoa asisti tisa, yaani pasi zilizozaa kikapu. Mtu huyo hakuiangusha timu yake. Tazameni walio jirani naye: Stephen Curry aliingiza sita kati ya 19, Klay Thompson sita kati ya 17, na wawili hao kwa pamoja walirusha mara 24 kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu na kuingiza sita. Upande wa pili LeBron James na Kyrie Irving nao hawakuwa na shabaha ya kujivunia, kwa kuwa kwa pamoja waliingiza 19 kati ya 47, ila James peke yake alikwenda kwenye mstari wa mitupo huru mara kumi na kuingiza minane.

Nina neno dogo la pembeni. Siku iliyofuata magazeti yalimsifu James kwa kufikisha kumi katika vipengele vitatu, pointi 27, ribaundi 11 na asisti 11, jambo ambalo mashabiki huliita tripo dabo, na Green mwenye asisti tisa hakupewa heshima hiyo. Mimi sijaona bado sababu ya kumi kuwa na baraka kuliko tisa. Ni vidole vya mikono yetu vilivyotufanya tuone hivyo, na kama tungekuwa na vidole tisa Green angeandikwa katika orodha ile.

Lipo pia ambalo jedwali haliwezi kulibeba, nalo ni wakati. Golden State hawakufunga hata pointi moja katika dakika nne na sekunde 39 za mwisho. James alimkimbilia Andre Iguodala wa Golden State kutoka nyuma na kuuzuia mpira wake ubaoni wakati matokeo yakiwa 89 kwa 89, na kitendo hicho, ambacho huenda ndicho kilichoamua ubingwa, katika jedwali kimehesabiwa bloku moja tu, sawa na bloku yoyote ya robo ya kwanza. Wenzako kijiweni wakitaka kuzishambulia takwimu, wazishambulie hapo. Kwenye pointi za Green hawana hoja.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Tabora. Wilt Chamberlain alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, na Kobe Bryant alifunga 81. Je, inatosha kusema 100 ni kubwa kuliko 81 na mjadala ukaisha? (Msomaji, Isevya)*

Marahaba, mwanangu. Kama swali ni nani alifunga nyingi, mjadala umekwisha. Kama swali ni nani alicheza vizuri zaidi, bado haujaanza.

Mvuvi wa Kibirizi anayerudi na ndoo nyingi za dagaa hupongezwa, lakini mwenye mtumbwi humuuliza pia ametumia mafuta kiasi gani. Mchezaji naye hutumia kitu, na kitu hicho ni nafasi za timu. Chamberlain alifunga pointi zake tarehe 2 Machi 1962 katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, akiichezea Philadelphia Warriors dhidi ya New York Knicks. Aliingiza mitupo 36 kati ya 63, na mitupo huru 28 kati ya 32. Bryant alifunga zake tarehe 22 Januari 2006 dhidi ya Toronto Raptors: mitupo 28 kati ya 46, saba kati yake ikiwa ya pointi tatu, na mitupo huru 18 kati ya 20.

Wanaofanya hesabu hizi huchukua mitupo yote ya mchezaji, wakaongeza mitupo huru ikiwa imezidishwa kwa 0.44, ili kupata idadi ya nafasi alizozitumia. Usishangazwe na hiyo 0.44. Mitupo huru kwa kawaida huja miwili miwili, kwa hiyo ungetarajia nusu. Lakini mara nyingine mchezaji hufunga huku akifanyiwa faulo na kupewa mmoja wa nyongeza, na mara nyingine kunatolewa mtupo wa faulo ya kiufundi, na hiyo yote haimalizi nafasi mpya, ndiyo maana nusu inapungua kidogo. Kwa hesabu hiyo Chamberlain alitumia nafasi zipatazo 77 na Bryant zipatazo 55. Gawanya pointi kwa nafasi: Chamberlain anapata 1.30 na Bryant 1.48. Kila mara Bryant alipoamua kuumaliza mpira mwenyewe, timu yake ilivuna zaidi.

Haki inadai tuseme na ya upande wa Chamberlain. Mwaka 1962 NBA haikuwa na mstari wa pointi tatu, ambao uliingia msimu wa 1979–80, kwa hiyo kila kikapu chake nje ya mitupo huru kilikuwa cha pointi mbili tu. Alicheza dakika zote 48. Kwa upande mwingine, michezo ya enzi ile ilikwenda mbio kuliko ya sasa, na ule uliisha 169 kwa 147. Palipo na nafasi nyingi, rekodi nazo hupata pa kuota. Msimu huohuo Chamberlain alimaliza akiwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo, na sidhani kama wewe wala mimi tutamwona mwingine wa kumkaribia.

*Hasheem Thabeet ni Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, lakini ukitafuta takwimu zake unakuta pointi tatu, pointi mbili. Kwa nini basi alichaguliwa wa pili mwaka 2009, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, mbele ya watu kama James Harden na Stephen Curry? (Msomaji, Kasulu)*

Alichaguliwa kwa kazi ambayo safu ya pointi haiioni. Katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut, 2008–09, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na bloku 4.2 kwa mchezo, na Memphis Grizzlies waliomchukua walikuwa wananunua zaidi zile bloku. Mtu wa urefu wa mita 2.21 anayesimama chini ya ringi huzuia hata mipira asiyoigusa, maana mshambuliaji anayemwona huamua kurusha kutoka mbali au kurudisha pasi nje. Mtupo ambao haukurushwa hauandikwi popote.

Kuhusu takwimu zake za NBA, usitazame pointi kabla hujatazama dakika. Msimu wake wa kwanza Memphis alicheza wastani wa dakika 13 kwa mchezo, akapata bloku 1.3, ribaundi 3.6 na pointi 3.1. Watakwimu hupenda kuwalinganisha wachezaji kwa kipimo cha dakika 36, ambazo ni dakika za kawaida za mchezaji wa kutegemewa. Kwa kipimo hicho bloku zake zinakuwa 3.6 na ribaundi zinakuwa kumi, na hizo ni za senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya ringi, wa daraja la juu. Hata hivyo kipimo hiki kitumike kwa tahadhari, kwa kuwa kinachukulia kwamba mtu anayeweza dakika 13 angeweza 36 kwa nguvu ileile na bila kufikisha faulo sita zinazomtoa mchezaji wa NBA uwanjani, na mara nyingi sababu ya dakika kuwa chache ni kwamba kocha ameshaona kuwa haiwezekani. Kwa hiyo nisingekubali asemwe kuwa hakuwa na kitu, wala nisingekubali zile 3.6 zitumike kudai kwamba alionewa.

Na kwa kuwa umegusa bloku: NBA ilianza kuzihesabu rasmi msimu wa 1973–74. Ndiyo maana rekodi ya 3,830 inashikiliwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria, huku Bill Russell na Chamberlain, waliozuia mipira kwa miaka mingi kabla ya hapo, wakiwa hawana hata moja katika vitabu.

*Timu za siku hizi zinarusha pointi tatu hata pale mtu anapoweza kusogea karibu. Hii si fujo? (Msomaji, Nzega)*

Ni hesabu, na ni rahisi. Anayeingiza mtupo mmoja kati ya mitatu kutoka nyuma ya mstari anapata pointi tatu kwa kila mitupo mitatu. Anayeingiza nusu ya mitupo ya pointi mbili anapata zilezile tatu. Kwa sababu hiyo jedwali zuri huwa na asilimia ya shabaha iliyorekebishwa, ambapo kila kikapu cha pointi tatu huhesabiwa kuwa kikapu kimoja na nusu. Rudini kwenye fainali ya 2016: kwa asilimia ya kawaida Cleveland walikuwa na shabaha nzuri kuliko Golden State, 40 dhidi ya 39, lakini kwa asilimia iliyorekebishwa Golden State walikuwa juu, 48 dhidi ya 44. Msimu wa 1979–80 kila timu kwa wastani ilirusha chini ya mara tatu kwa mchezo kutoka mbali. Leo zaidi ya mara 30 ni jambo la kawaida.

Ila hesabu inayolipa kwa msimu mzima inaweza kumtupa mtu usiku mmoja. Tarehe 28 Mei 2018, katika mchezo wa saba wa fainali ya kanda ya magharibi, Houston Rockets walirusha mitupo 44 ya pointi tatu na kuingiza saba tu, na kati ya iliyokosa kulikuwa na 27 iliyofuatana. Walifungwa na Golden State kwa 101 dhidi ya 92. Msomaji wa Nzega akiita usiku ule fujo, sitambishia.

*Wafungaji wa ligi ya Afrika, BAL, wanaonekana wa chini ukiwalinganisha na wa NBA. Ni uwezo au kuna jambo jingine? (Msomaji, Kibondo)*

Kuna dakika kwanza. BAL, iliyoanza mwaka 2021 kwa mashindano yaliyochezwa Kigali, hufuata kanuni za kimataifa za FIBA, shirikisho la dunia la mpira wa kikapu, ambapo mchezo ni dakika 40. NBA ni 48. Zamalek ya Misri ilipochukua ubingwa wa kwanza kwa kuifunga US Monastir ya Tunisia 76 kwa 63, pointi zake 76 zilikuwa sawa na 91 ukizinyoosha hadi dakika 48. Mchezaji wa FIBA pia hutolewa kwa faulo tano badala ya sita, jambo linalowafanya makocha wawapumzishe nyota wao mapema. Uwezo nao una sehemu yake, ila ulinganishe baada ya kusawazisha muda.

*Kuna safu yenye alama ya kujumlisha au kutoa mbele ya tarakimu, kwa mfano +12 au −7. Inahesabiwaje? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)*

Ni tofauti ya matokeo katika dakika ambazo mchezaji huyo alikuwa uwanjani. Tuseme ameingia timu ikiwa nyuma kwa tatu na ametoka ikiwa mbele kwa tisa. Ataandikiwa +12, hata kama hakugusa mpira. Kwa mchezo mmoja mimi siiamini sana safu hii, kwa sababu mchezaji wa akiba anayeingia pamoja na nyota wanne atavuna sifa zao, na anayeingia wakati wenzake wamechoka atabeba lawama zao. Ikikusanywa kwa msimu mzima inaanza kusema kweli.

*Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari hapa Tabora. Nataka kuwaandikia vijana wangu takwimu, lakini sina kompyuta uwanjani, nina daftari na wanafunzi wawili wa kunisaidia. Nianze na safu zipi? (Msomaji, Tabora mjini)*

Mwalimu, achana na safu nyingi za NBA. Ukiwapa vijana wawili safu zote hizo watakuwa wanatazama daftari badala ya mchezo. Anza na vitu vinne kwa kila timu, wapinzani wakiwemo: mitupo iliyorushwa na iliyoingia, ile ya pointi tatu ikitengwa, mitupo huru, ribaundi, za kushambulia zikitengwa na za kulinda, na mipira iliyopotezwa. Kwa vinne hivyo unaweza kupata idadi ya zamu za kushambulia za timu yako: chukua mitupo, toa ribaundi za kushambulia, ongeza mipira iliyopotezwa, kisha ongeza mitupo huru mara 0.44. Gawanya pointi za timu kwa zamu hizo, kisha ulinganishe na pointi za kijana wako anayefunga 20 kwa kila nafasi aliyoitumia, na utajua kama anaisaidia timu au anaimaliza.

Mpe mmoja wa wasaidizi wako kazi ya kutazama na kutamka tu, na mwingine kazi ya kuandika tu. Anayetamka aseme namba ya jezi kwanza na tukio baadaye: "Saba, mbili, amekosa, kumi na moja, ribaundi ya kushambulia." Anayeandika achore kistari kwa mtupo uliokosa na akizungushie duara ukiingia, maana kufuta ndiko kunakochafua daftari. Baada ya wiki kadhaa ukiona wameshika mkono, ongeza bloku na mipira iliyonyang'anywa.

Asisti ziache mwisho, kwa kuwa ndicho kipengele kinachotegemea maoni ya mwandishi kuliko vingine vyote: pasi imemwezesha mwenzake kufunga, au mwenzake amefunga kwa juhudi zake baada ya kudunda mpira mara tatu na kumpita mlinzi? Kubalianeni kanuni moja kabla ya mchezo wa kwanza, iandikeni kwenye jalada la daftari, na msiibadilishe katikati ya msimu hata kama kijana mwenye wazazi wakali amebakiza asisti moja kufikisha kumi.

Kila robo inapokwisha, jumlisha pointi za wachezaji wako na uzilinganishe na karatasi ya meza ya waamuzi. Zikitofautiana, tafuta kosa palepale wachezaji wakiwa wanakunywa maji, ukianzia kwenye mitupo huru, kwa sababu ndiyo husahaulika zaidi wakati watu wote wanabishana kuhusu faulo. Halafu hesabu mitupo iliyokosa ya timu zote mbili, mitupo huru ikiwemo, na uilinganishe na ribaundi zote: ribaundi zikizidi mitupo iliyokosa, kuna mtu ameandikiwa mpira ambao haukuwepo; zikipungua kidogo usihangaike, mara nyingi hiyo ni mipira iliyotoka nje ya uwanja kabla ya mtu kuishika.